Majirani wa Seva Namba Nne

Mwananyamala, Dar es Salaam
Jumapili, 22 Februari 2026

Kwa Mwambao Hosti, Temeke

Asalaam aleikum.

Naitwa Jokha binti Haroub, mteja wenu. Nauza udi, mafuta ya asmini na vyetezo katika duka alilotuachia marehemu mama hapa Mwananyamala, mimi na kaka yangu Nawaf. Tovuti ya duka mnaitunza nyie. Aliitengeneza mpwa wangu Widad kabla hajaolewa Tanga, na tangu aolewe kila nikimpigia yuko bize.

Leo tovuti imelala tena. Jana ililala. Wiki iliyopita, Jumamosi na Jumapili, ililala. Na kila mara ni saa kumi mpaka saa kumi na mbili jioni, saa ambazo mwezi huu kina mama wameshabandika futari jikoni na wameshika simu zao. Katikati ya wiki haina neno, inadunda. Sasa huu ni ugonjwa gani unaochagua siku?

Nawaambia kinachoniuma ili msidhani nalalamika kwa kupenda. Nawaf anataka tufunge duka, fremu tumpangishe muuza simu. Tumegombana mpaka sauti zikaisha. Mwisho tukakubaliana mbele ya wazee wa ukoo: nikipata oda mia moja za mtandaoni kuanzia mwezi mosi Ramadhani mpaka mkesha wa Idi, duka linabaki. Nisipozipata, Idi mosi ndiyo mwisho wa duka la mama. Mpaka leo ninazo tisa.

Nijibuni upesi.

Wasalaam,
Jokha binti Haroub


Jumatatu, 23 Februari 2026

Mpendwa Mteja,

Asante kwa kuwasiliana na Mwambao Hosti. Ombi lako limepewa namba 5512. Tunathamini uvumilivu wako. Tafadhali zima kifaa chako, subiri dakika moja, kisha ukiwashe tena.

Kitengo cha Huduma kwa Wateja


Mwananyamala
Jumatatu, 23 Februari 2026

Wewe uliyenijibu,

Nimezima simu, nimewasha. Nimezima na feni kwa tahadhari. Kilichobadilika ni kwamba nimepata joto.

Mimi si 5512. Mimi ni mtu wa miaka sitini na mmoja, na umeniandikia barua nzima bila hata shikamoo. Wewe ni mtu au mashine? Kama ni mashine, niitie mtu. Kama ni mtu, wazazi wako walikupa jina, litumie.

Jokha binti Haroub


Temeke
Jumanne, 24 Februari 2026

Shikamoo Bi Jokha,

Mimi ni mtu. Naitwa Revelian, mzaliwa wa Muleba, fundi wa seva hapa ofisini. Yale majibu ya kwanza yanajituma yenyewe, na mkuu wetu, Bwana Brightson, hataki yaguswe kwa kuwa aliyaandika mwenyewe. Nakuomba radhi, pamoja na la feni.

Nimeangalia tatizo lako. Tovuti yako iko kwenye seva namba nne, kwa mpango tunaouita hosti ya pamoja. Chukulia nyumba yenye wapangaji wengi wanaotumia simtanki moja. Kodi ni ndogo, usafi na ulinzi ni juu ya mwenye nyumba, wewe huna la kuwaza. Lakini mpangaji mmoja akianza kujaza mapipa yake, wengine mnabaki na matone. Seva namba nne ina mpangaji wa namba hiyo. Mapipa yake huyajaza wikiendi, alasiri.

Njia ya pili ni seva binafsi, ambayo sisi mafundi tunaiita VPS. Jengo ni lilelile, ila sehemu yako imekatwa na kuzungushiwa ukuta: tanki lako, mlango wako. Jirani akijaza mapipa hata elfu, maji yako hayapungui. Ubaya wake ni kwamba bei ni karibu mara tatu, na usafi na ulinzi vinakuwa juu yako. Ukiacha mlango wazi wezi wanaingia, na hakuna wa kumlaumu.

Kwa duka lenye wateja wachache, hosti ya pamoja inatosha kabisa. Lakini ningekuwa mtu anayesubiri mkesha wa Idi kama wewe, ningehama.

Wako mtiifu,
Revelian


Mwananyamala
Alhamisi, 26 Februari 2026

Mwanangu Revelian,

Marahaba. Kumbe unaweza kuandika vizuri ukiamua. Hiyo simtanki nimeielewa barabara, maana nimewahi kupanga Magomeni na mke wa jirani alikuwa anafua mapazia kila siku.

Sasa kabla sijaamua nina maswali. Majirani zangu ni akina nani? Nimekaa humo miaka miwili, simjui hata mmoja. Huku kwetu mpangaji akishusha godoro asubuhi, jioni tunajua katokea wapi na ana watoto wangapi. Halafu huyo mjaza mapipa, nipe jina lake. Sitagombana naye, nitaongea naye kwa upole, nikishindwa ndipo nitagombana naye. Na la mwisho, nijibu bila kuona haya: humo ndani kuna muuza kitimoto, hiyo nyama ya nguruwe? Udi wangu unafukizwa misikitini, mwanangu. Lazima nijue umelala na nani.

Nimempa dereva wa bodaboda sahani ya kaimati na vileja. Ni ya majirani. Wagawie, waambie imetoka kwa jirani yao wa udi. Sahani irudi.

Wasalaam,
Jokha binti Haroub


Temeke
Ijumaa, 27 Februari 2026

Shikamoo Bi Jokha,

Sahani imefika na imenipa mtihani. Majirani zako hawakai hapa ofisini. Zilizopo hapa ni tovuti zao, wenyewe wametawanyika: wako Mbagala, wako Mwanza, na kuna mmoja ambaye sidhani kama anakumbuka kuwa ana tovuti. Nami niko kwenye Kwaresma, vitamu nimeviacha mpaka Pasaka. Kwa hiyo Bwana Brightson amepokea sahani kwa niaba ya majirani wote. Amesema wameshukuru sana. Ameuliza kama watakula tena wiki ijayo.

Majina siruhusiwi kutoa. Kuhusu kitimoto, siruhusiwi kusema ndiyo wala hapana. Mjaza mapipa ameonywa. Ni mtu ambaye hakukusudia ubaya wowote.

Hamia VPS, Bi Jokha. Ulinzi na usafi wake nitavifanya mimi mwenyewe, bure, mpaka Widad atakapopata nafasi.

Revelian


Mwananyamala
Jumapili, 1 Machi 2026

Revelian,

Kumbe yumo! Mtu asiyeruhusiwa kusema hapana, hiyo ni ndiyo. Basi nimefukiza chumba kizima, na simu pia nimeifukiza.

Jana na leo tovuti imelala, saa zilezile. Onyo lako huyo bwana amelinywea chai. Nina oda ishirini na sita, na Nawaf jana kanipigia kuniuliza kwa sauti tamu kama nimeshaanza kupakia vyetezo kwenye maboksi. Nilimkatia simu, kisha nikalia kidogo, kisha nikaenda kukaanga kaimati.

Sasa nina neno na wewe. Binamu yangu Masoud, muuza vifaa vya ujenzi Kipawa, nilimweleza habari zako. Kasema mtu akikuhimiza ununue kitu cha bei mara tatu, na akakuongezea kazi ya bure juu yake, huyo ana kamisheni. Nijibu kama unavyomjibu mama yako: mimi nikihama, wewe unapata nini? Na mbona unamtetea mjaza mapipa? Kwamba hakukusudia ubaya, umejuaje?

Jokha


Temeke
Jumatatu, 2 Machi 2026

Shikamoo Bi Jokha,

Sipati kamisheni. Hapa kamisheni anapata Bwana Brightson peke yake, hata kwa kaimati.

Nimefanya kazi hii miaka minne, watu wa seva nawajua tabia zao. Ndivyo nilivyojua.

Naomba uhame kabla ya Jumamosi.

Tafadhali.

Revelian


Mwananyamala
Jumatano, 4 Machi 2026

Mwanangu Revelian,

Nimekubali, nahamia hiyo VPS. Masoud kanicheka, lakini ile "tafadhali" yako iliyokaa peke yake kama mtu aliyenuniwa imenishinda.

Ila lipo jambo moja kwanza. Mtu hahami kimyakimya kama aliyeiba. Unapita mlango kwa mlango, unawaambia: tumekaa pamoja, huenda nimewakosea kwa kujua au kwa kutojua, nisameheni, nami nimewasamehe. Mama alipohama mtaa wa Gerezani kuja huku alipita kwa majirani siku mbili nzima, mpaka kwa yule ambaye kuku wake walimalizia mchicha wetu. Miaka miwili nimetumia simtanki ya watu. Siondoki bila kuwaaga.

Kwa hiyo nipe orodha. Kama majina hayaruhusiwi, nipe namba za simu tu.

Wasalaam,
Jokha binti Haroub


Temeke
Alhamisi, 5 Machi 2026

Shikamoo Bi Jokha,

Haiwezekani. Mko tovuti mia mbili na kumi na mbili kwenye seva namba nne, na taarifa za wateja ni siri. Kwenye seva watu hawaagani. Mtu anahamishwa tu, kazi ya nusu saa.

Niruhusu nikuhamishe leo. Hakuna atakayejua.

Revelian


Mwananyamala
Ijumaa, 6 Machi 2026

Revelian,

Hakuna atakayejua! Na Mwenyezi Mungu je, naye hajui seva?

Mia mbili na kumi na mbili! Widad wakati anajiunga aliambiwa na ofisi yenu kwamba seva ni tulivu na majirani ni wachache. Uchache gani huo? Hao ni kata nzima.

Lakini usijisumbue tena na orodha. Nimempigia Widad, kaacha ubize wake robo saa, kanibandikia tangazo ukurasa wa mbele, juu ya picha za vyetezo. Nakunakilia:

"Kwa majirani zangu wote wa seva namba nne ya Mwambao Hosti. Tuko 212, nimeambiwa, na wote tunatumia tanki moja. Mimi Jokha binti Haroub, muuza udi wa Mwananyamala, nahama. Kama niliwahi kuwamalizia maji kwa kujua au kwa kutojua, nisameheni. Mliyenikosea nimewasamehe, pamoja na wewe unayejaza mapipa Jumamosi na Jumapili alasiri, na wewe wa kitimoto. Asiyejua kama yuko seva namba nne awaulize ofisini. Anayetaka kuniaga aniandikie hapa chini, kwenye kisanduku cha oda. Ramadhani njema, na Kwaresma njema."

Sasa roho yangu imetulia. Unaweza kunihamisha.

Jokha binti Haroub


Temeke
Jumatatu, 9 Machi 2026

Mpendwa Mteja Bi Jokha Haroub,

YAH: TANGAZO LAKO

Tangu Jumamosi tangazo lako limesambazwa kwenye magrupu ya simu ambayo sikujua kama yapo. Seva namba nne imelala siku mbili mfululizo kwa wingi wa watu wanaokuja kulisoma. Ofisi imepokea simu mia moja na arobaini, zote zenye swali moja: "Mimi niko seva namba ngapi?" Wateja wa seva namba moja, ambao hawahusiki kabisa, wanalalamika kwamba wao hawakuagwa.

Ili kulinda huduma, tumekuhamishia VPS asubuhi hii. Mwezi wa kwanza ni bure. Tunakuomba kwa heshima uondoe tangazo.

Brightson
Meneja Mkuu

Tanbihi: Sahani yako tunayo. Imeoshwa.


Mwananyamala
Jumanne, 10 Machi 2026

Mwanangu Revelian,

Bosi wako kaniandikia. Mwambie nimeshukuru kwa mwezi wa bure, na tangazo nitalitoa nikimaliza kujibu watu, maana mtu akikuaga huwezi kumfungia mlango usoni.

Wameandika, Revelian! Sikutegemea. Yupo Hamida, mshonaji wa Tandale, kasema miaka mitatu alidhani yuko peke yake kwenye hiyo seva, na sasa anajisikia ana ndugu. Kaagiza udi vikopo viwili. Yupo Albano wa kwaya ya Mbezi, kaomba radhi kwa niaba ya sauti ya tatu. Na muuza kitimoto kajitokeza mwenyewe! Anaitwa Fransis, wa Kimara. Kaandika: "Mama, shikamoo. Ni mimi. Samahani kwa moshi." Nikamjibu moshi haujanifikia. Akaagiza chetezo kwa ajili ya mkewe, kasema huyo mwanamke amechoka kunusa mafuta. Nimemfungia chetezo kizuri kuliko vyote.

Wengine hata si wa seva namba nne, wamesoma tu, wakaona na udi upo. Jana oda zilikuwa sitini na tatu. Leo, naandika hivi, themanini na nane. Na tovuti haijatikisika. Hiyo VPS ni nzuri jamani, mlango wa chuma.

Kitu kimoja tu kinanikera. Kila mtu kaomba radhi, hata asiye na kosa. Mjaza mapipa kimya. Kuniharibia jioni zangu zote za wikiendi kaweza, mstari mmoja umemshinda. Nimeandika kwenye tangazo kwamba nimemsamehe, lakini nikuambie wewe peke yako, bado. Nimeandika kwa sababu watu wanasoma.

Jokha


Temeke
Alhamisi, 12 Machi 2026

Shikamoo Bi Jokha,

Nimeandika barua hii mara nne na kuifuta.

Mjaza mapipa ni mimi.

Nina tovuti ya mpira wa mchangani. Kila Jumamosi na Jumapili alasiri nakwenda viwanja vya Tandika, Mtoni na Mbagala, napiga picha, naweka matokeo palepale uwanjani kupitia simu. Picha mia tatu kwa mechi moja, kubwa kama zilivyotoka kwenye kamera, nami ni fundi na najua kabisa kwamba hazitakiwi kuwekwa hivyo. Wachezaji huzifungua wote kwa pamoja, na mama zao, na wapenzi wao. Niliificha tovuti seva namba nne bila ofisi kujua, kwa sababu nilidhani humo hakuna mtu wa kulalamika.

Ulipoandika mara ya kwanza nilijua saa ileile. Ningeweza kuizima siku hiyohiyo. Sikuizima. Yuko golikipa anaitwa Mbwana, ana miaka thelathini na minane, anauza mkaa, na hakuna gazeti litakaloandika jina lake hata siku moja. Kila Jumapili jioni anatafuta picha yake kwangu. Nikajiambia, Bi Jokha akihama hakuna atakayeumia tena. Ndiyo maana nilikuhimiza. Haikuwa kamisheni, ilikuwa aibu. Nawe ukaniletea kaimati.

Leo asubuhi nimemwambia Bwana Brightson. Amenipa barua ya onyo, na saa sita mchana tovuti imefutwa. Kazi sijafukuzwa, kasema hana mwingine anayeijua seva namba nne.

Nilikuibia oda wakati duka la mama yako liko mashakani. Naomba unisamehe. Ukishindwa nitaelewa.

Revelian


Mwananyamala
Idi pili, Machi 2026

Revelian,

Umesubiri jibu zaidi ya wiki, na nilikusudia usubiri. Nilikasirika kuliko nilivyomkasirikia mke wa mapazia. Huyo alikuwa jirani tu. Wewe nilikuita mwanangu, na nilikuwa nakulalamikia mwizi huku mwizi ananijibu "shikamoo". Barua yako nilimsomea Masoud, akasema "si nilikwambia", nikamkasirikia na yeye.

Lakini umesema mwenyewe, bila kushikwa shati, na umemwambia na bosi wako. Nimekusamehe. Safari hii ni kweli.

Sasa sikiliza, maana hili si ombi. Widad kaniambia hii VPS yangu nafasi niliyotumia haifiki hata robo. Huo mchangani wako ulete kwangu. Picha kumi kwa kila mechi, uzipunguze ukubwa kabla ya kupandisha, na jioni ukiona udi unachechemea unaacha mara moja. Anza na ya Mbwana. Nataka kumwona huyo mtu anayedaka mipira akiwa na miaka thelathini na minane.

Unataka kujua kuhusu duka. Mkesha wa Idi zilikuwa oda mia moja na kumi na saba.

Nawaf alikuja jana, kanzu mpya, moja kwa moja kutoka swala, na fundi wa kupima fremu nyuma yake. Nikampa simu asome mwenyewe. Kasoma majina yote, kauliza, "Huyu Albano naye anafukiza udi?" Nikamwambia kwaya nzima. Akafika kwenye tangazo. Akalisoma mpaka mwisho, akarudi juu, akalisoma tena. Nikamwona midomo inacheza.

Akasema, "Jokha, umewaomba radhi watu mia mbili usiowajua. Umemwomba mpaka muuza kitimoto. Mie ndugu yako wa tumbo moja, tangu tumzike mama hujaniambia hata neno moja lililonyooka."

Nikamwambia, "Wewe hukuwemo kwenye seva."

Nilisema ili imchome. Akaangua kicheko, akacheka mpaka akakaa juu ya gunia la makaa ya chetezo na hiyo kanzu yake nyeupe, na katikati ya kucheka nikaona anajifuta macho. Hapo nami nikashindwa. Tukaombana radhi palepale, kwa jina, kosa moja baada ya jingine, tangu lile la mazishi mpaka la baiskeli ya mwaka themanini, na wateja wamejaa mlangoni wanasikiliza. Mmoja alitukumbusha kosa tulilolisahau.

Fundi wa fremu kaondoka na chetezo, kalipa. Nawaf kabaki mpaka alasiri, kauza mafuta ya asmini chupa sita, tatu kwa bei isiyo yake. Kesho anafungua yeye saa mbili, mie nimemwambia nitalala.

Idi njema,
Jokha binti Haroub